Mkunga wa Manyatta

Mama Dorsila kastaafu ukunga;
vidole vimevimba viungo, mlango haugongwi tena usiku.
Sasa anafuga mkunga, yule wa maji baridi,
toka Dunga, ndani ya kioo kando ya redio.

Mchanga kauchekecha mara tatu, usimkwaruze tumbo.
Kipande cha paipu ndicho chumba chake.
Nyungunyungu anachimba mwenyewe, nyuma ya bafu.
Stima ikipotea, pampu ikanyamaza,
huketi akichota na kumimina kwa kikombe, hadi saa nane.

Juzi alisahau jiwe juu ya kifuniko.
Alfajiri akamkuta mlangoni,
mkavu, kavaa vumbi.

Hakupiga kelele.
Alimwosha, akamshika majini kwa viganja viwili,
akahesabu kimoyomoyo, kama zamani,

mpaka shavu likacheza.