Nafasi ya Kidole

Paysandú, gereji ya Osvaldo, baridi ya mwezi wa saba.
Borgward ikifika kasi ya arobaini inagonga,
ko, ko, ko,
chini ya kiti cha abiria.
Difu haina kosa. Nati zimekazwa, zimekazwa tena.

Basi akatafuta rangi ya mdomo ya marehemu Nélida,
akaipaka propela mzunguko mzima,
akaendesha hadi mtoni, akarudi.

Akajilaza chali na tochi:
juu kwenye bati, busu jekundu.

Kumbe mpira mpya wa giaboksi umezidi kimo;
ule wa zamani ulishazoea kuinama.
Akashusha kwa washa mbili, milimita nne.
Kidole kinapita.

Kimya.

Propela akaifuta kwa petroli.
Bati, hapana.