Kichupa cha Mtundu

Jumanne alfajiri uji ulinichuruzika
pembeni mwa mdomo, ukalowesha kanga.
Mume wangu alidhani namfanyia mzaha.
Jirani wa Cheyo akasema: kiharusi.
Mama Shija akasema: upepo, umelala dirisha wazi.
Jicho langu la kushoto halikusema kitu,
lilikaa wazi tu, kama duka lisilo na mwenyewe.

Kitete, chumba namba sita. Tabibu Lusekelo
ana sauti ya mtu aliyelala saa tatu.
"Nyamizi, nyanyua nyusi. Kunja paji la uso."
Kulia pakajikunja kama jamvi,
kushoto pakabaki ukuta uliopakwa chokaa jana.
Akatabasamu! Nusura nimtukane.
"Ingekuwa ubongo," akasema, "paji lingekunjika lote.
Huu ni mshipa wa fahamu, unapita nyuma ya sikio."
Sijawahi kushindwa jambo nikapongezwa.

Fumba macho kwa nguvu. Likafumba moja.
Jaza mashavu. Pumzi ikavuja.
Piga mluzi,
nami niliyekuwa nikiita mbwa wa Ipole nzima kwa mluzi
nikamrushia tabibu mate.

Kisha kijikaratasi chembamba, kimetundikwa kwenye kope,
dakika tano kwa saa ya ukutani.
Tangu tumzike Dotto sijalia mbele ya watu;
leo machozi yangu yanasomwa kwa rula:
kulia milimita kumi na nane,
kushoto nne.
Nikamwuliza, na yale ya mwezi wa tatu yangefika wapi?
Hilo hakuliandika.

Mwisho, ulimi. Hapo ndipo nilipoogopa.
Mimi ndiye mwonjaji wa ghala. Madumu yanatoka Sikonge,
naonja, nasema: hii ya mtundu, hii ya muba,
hii mwenyewe kaiongeza sukari, irudishwe.
Pamba ya sukari kulia: sukari.
Pamba ya sukari kushoto: pamba.

Nikafungua mkoba, nikatoa kichupa.
"Jaribu na hii."
Akachovya, akapaka kushoto, akangoja.
Pua ikasema mtundu.
Ulimi ukakataa kutoa ushahidi.

Vidonge vya siku kumi. Jicho lifungwe kwa plasta usiku.
Nirudi baada ya wiki mbili.
Kichupa nimemwachia mezani, kati ya rula na pamba,
nikachora kwa kalamu mstari asali ilipofikia.
Nikirudi nikute imeshuka,
hapo tutajua kama ni mshipa
au ni tabibu.