Nili

Katika daftari langu wewe ni Kumi na Saba,
jicho la kulia, jicho la kushoto.
Sheria ya utafiti hairuhusu jina.
Lakini mikono yako ilikutangulia mlangoni,
buluu hadi viwikoni,
na mtoto aliyekuwa akisubiri miwani
akamuuliza mama yake kama umemwagikiwa wino.

Ulisema: kichwa kiliuma siku tatu,
masikio yakalia kama birika lililosahauliwa jikoni,
asubuhi ya nne ukainua kitambaa ukitazame
ukakiona kimekunjamana.
Ukakinyoosha. Ukakipiga pasi.
Mikunjo haikuwa kwenye kitambaa.

Usipepese, nilikwambia, nawe hukupepesa.
Mashine ikapitisha wembe wake wa nuru,
ikakata bila kugusa,
tabaka juu ya tabaka, kama nguo kabatini.
Na chini ya nguo, maji.
Vifuko vitatu vya maji vimeinyanyua retina
vile upepo unavyonyanyua shuka kambani
na kulisahau huko juu.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo,
lakini huyu hakuingia nguoni. Alizaliwa nawe.
Alikukinga na surua, alifunga kila kidonda
ulichojikata kwa mkasi.
Askari wa damu yako mwenyewe,
akaamka usiku mmoja, akaiona ile rangi
inayolala nyuma ya jicho,
akaisoma kama bendera ya adui.

Kwa nini?
Hilo kwa nini ndilo linalonilipa mshahara.
Miaka kumi na moja nagandisha chembe kwenye baridi kali,
nahesabu vidoti, naandika makala,
na kila makala huishia palepale:
utafiti zaidi unahitajika.
Profesa Kuwayama husema mwili haukosei,
husikia vibaya tu.

Tukakupa vidonge kumi na viwili kila asubuhi.
Uso ukajaa, usingizi ukakukimbia,
ukawa unakoroga mapipa saa nane za usiku.
Maji yakakauka. Tulishangilia maabarani,
mtu akaleta keki za maharage.

Kisha rangi ikaanza kuhama.
Kope kwanza; zikaota mvi, za kushoto kabla ya za kulia.
Halafu ukuta wa ndani, uliokuwa kahawia,
ukawa chungwa, chungwa linalowaka.
Madaktari tuna jina zuri la hali hiyo,
tunaiita mwanga wa machweo.
Niliona haya kukutajia.
Ulipouliza, nikakugeuzia kompyuta.
Ukatazama sana.
Nani alitia rangi hii, ukasema,
haikushika sawa pembeni.

Jumamosi moja nikaja Aizumi, bila koti jeupe.
Kwenye kibao cha karakana kuna jina lako.
Nililisoma. Sikuliandika.
Ndani, mapipa yananuka majani yaliyooza na majivu.
Ulikiri bila kuinua uso
kwamba buluu ya tatu na ya nne
hazitengani tena machoni mwako.
Ukachovya kidole, ukakitia ulimini.
Bado hili, ukasema. Hadi Jumanne.
Ukanielekeza kwenye pipa jingine.

Nikachovya leso yangu.
Ikatoka kijani. Nilidhani nimeiharibu.
Subiri, ukasema, hewa ndiyo inayomalizia.
Nikasubiri, nikiangalia saa kwa mazoea,
kijani kikalegea, kikageuka,
kikawa nili, taratibu, kuanzia ukingoni.

Wewe hukuitazama leso.
Ulinitazama mimi,
kidevu umekiinua kidogo, bila kupepesa,
ukisoma usoni pangu
rangi imefika wapi.