Daftari la Bandari ya Kusini

Novemba, foleni ilifika hadi relini.
Watu walileta ng'ombe, mchele, mabati,
hata baiskeli moja isiyo na mnyororo.
Nilimaliza kalamu mbili kwa wiki.

Januari, majina sita.
Februari nikasinzia mezani.
Vita havikusinzia: meli ilirudi kutoka Bukoba
na machela, ikaondoka na magunia machache.

Nkwimba wa Igogo hakukoma.
Kila Jumatatu, debe la dagaa
limefungwa kwa kamba ya katani.
"Karani, andika."
Mama, huchoki?
"Nimechoka. Nao kule Kagera wanakula kila siku,
ama umesikia vingine?"

Kisha wakashuka kwenye treni vijana wa Msumbiji,
wageni wa ziwa; mmoja aliyaonja maji
akashangaa hayana chumvi.
Zefanias, mwenye kovu la vita vya kwao,
aliinama juu ya daftari langu,
akapitisha kidole kwenye mistari mitupu.
Kiswahili chake kilikuwa cha Nachingwea, kambini:
"Sisi mlitupa pa kulala miaka kumi.
Hakuna aliyetuuliza itaisha lini."

Sikuwa na jibu. Nilitafuta kifutio
kisichohitajika.

Debe la Nkwimba lilipanda nao, mapajani mwa Zefanias.
Nilikuwa nimelipima: pungufu kidogo ya wiki iliyopita.
Nikaandika uzito wake ulivyo,
nikachukua rula,
nikachora mistari ya Machi,
ya Aprili,
ya Mei.