Nyota Tatu Ubaoni

Leta chaki, leta maji,
tambara la mfutaji,
mie mwandishi wa mji
wa habari ubaoni.

Jina langu ni Somoe,
kazi yangu niandae
ratiba, watu wajue
kuna nini na ni lini.

Ubao wangu mweusi
umebanduka kiasi,
wapigwa jua na kusi
pale Langoni ndiani.

Jumatatu naeleza
kwa herufi za kukuza:
wenye bao watacheza
tangu saa za jioni.

Jumanne ni kofia,
wanawake kushonea,
Bi Zena awakosoa
kwa miwani ya puani.

Jumatano ni watoto
na rangi zilizo nzito,
punda, hata kama mto,
tutamweka ukutani.

Na keshoye ni malenga
wenye ndimi kama panga,
mafumbo watayafunga
tukafungue nyumbani.

Ijumaa sikuweka,
siku hiyo ni baraka,
na chaki pia huchoka
ikalala mfukoni.

Jumamosi nikatia
nyota tatu za kung'aa:
goma kubwa laingia
uwanja wa Mkunguni.

Naye mpiga zumari
ni Shekuwe, mashuhuri,
hana mwenzi wa tayari
Shela hata Matondoni.

Usiku wa Jumanne
jino la juu, la nne,
likamuuma, muone
shavu kama biringani!

Habari zikasambaa
na chai haijapoa,
mji mzima wakaa
na shavu lake vinywani.

Huyu ana karafuu,
yule dua na nafuu,
Mbwana, kamba kuukuu,
aifunge mlangoni.

Mimi tambara natwaa.
Nyota tatu za kung'aa,
nizifute? Nikakaa
kimya, chaki kidoleni.

Kufuta hakuna kazi,
ni mkono na pumzi,
lakini, ndugu, siwezi:
kanzu zote zi pasini.

Jumatano ikafika,
Twalibu akamuweka
punda, shavu lafutuka,
na zumari mdomoni.

Tulicheka, tukajuta:
Shekuwe mwenye kapita,
katazama, kajifuta
chozi la cheko jichoni.

Malenga nao wakaja
na fumbo lao la haja:
"Bawabu wenu mmoja
kaufunga mji, nani?"

Hatukungoja kurudi,
twalijibu makusudi,
"Jino!", sauti ya radi
ikatoka barazani.

Ijumaa, kwa tabibu,
jino lang'oka kwa tabu,
tukangoja kwa adabu,
nusu mji mlangoni.

Akatoka na pengole,
amebana pamba tele,
"Kesho je?" Ni vile vile,
kwa ishara ya kichwani.

Jumamosi kukajaa
watu hadi kwenye paa,
safu mbili zikakaa,
fimbo ziko mabegani.

Shekuwe akavimbisha
shavu moja, likaisha
pumzi, pengo lapisha
upepo pale pembeni.

Sauti ikapasuka,
ikakwama, ikaruka,
na firimbi ikashuka
nyembamba, ndani kwa ndani.

Wa chapuo wakasita,
vumi nalo likanyata,
kisha wote wakapata
njia yao ya pengoni.

Bi Zena, mkosoaji,
miwaniye ina maji,
asema, "Joto la mji
limenipanda machoni!"

Mbwana, mkononi kamba,
yuaenda akitamba,
ati yeye ndiye mwamba
alolitoa kinywani.

Jumapili kitambaa
ubaoni chatambaa,
kila kitu chapotea
ila nyota moja chini.

Nimeiacha ikae,
mgeni asiijue,
mwenyeji aichekee
akenda zake sokoni.