Matamvua

Karatasi ilibandikwa kwenye nguzo ya umeme,
Barabara ya Kumi na Mbili, mkabala na duka la vipuri vya baiskeli:
TUISHENI. HESABU, FIZIKIA, KEMIA. KIDATO CHA NNE.
KUFAULU NI LAZIMA.
Chini yake namba ya simu, mara kumi, imekatwakatwa
ikaning'inia kama matamvua ya mkeka.
Vitatu vimeshanyofolewa.
Nikanyofoa cha nne, nikakifunga kwenye pindo la kanga
pamoja na elfu mbili ya unga.

Mimi niliishia darasa la tano.
Nikinunua samaki Deep Sea, namfunua matamvua,
nikiona wekundu najua.
Nikinunua kitambaa nakifikicha baina ya vidole.
Lakini mwalimu wa hesabu
unamfunua wapi?

Yule wa nguzoni alikuja na viatu vya ngozi.
Akaketi kiti cha mgeni, akasema saa nzima.
Mimi uani nakuna nazi, nahesabu:
"Umeelewa?" mara kumi na tisa.
"Ndiyo, mwalimu," mara kumi na tisa.
Alipoondoka nikamuuliza Mwantumu, umeelewa nini?
Akatazama kidole gumba cha mguu wake.

Wa pili tulimfuata wenyewe, Makorora.
Watoto sitini na wawili chini ya mabati,
ubao umepasuka katikati,
kila hesabu ikifika kwenye ufa inavunjika mguu.
Wa nyuma walikuwa wananakili migongo ya wa mbele.

Ndipo jirani akaninong'oneza:
kuna kijana Chuda, yeye hafundishi,
anauza mtihani wenyewe, laki na nusu,
usiku wa kuamkia siku.
Nililala na neno hilo. Siwezi kusema sikulala nalo.
Nilipiga hesabu ya cherehani, ingeniletea ngapi.
Alfajiri natoka kuchota maji, nakuta ukuta wa choo
umejaa namba za mkaa toka juu hadi chini,
na mwanangu kasinzia amesimama, kidole cheusi.
Cherehani ikabaki.

Mwajabu aliletwa na mvua.
Mchana ni karani wa mizani, ghala la mkonge;
jioni baiskeli isiyo na madigadi,
mgongo mzima umechorwa matope.
Hakutaka kiti. Alikaa mkekani, akasema:
"Nioneshe unapokwama."
Kisha kimya.
Kimya kirefu, hata nikaacha mbuzi nikachungulia:
mmoja kashika penseli, mwingine kashika shavu.
Swali la tisa, la duara. Mwajabu akaligeuza daftari,
akaligeuza tena.
"Hili silijui. Nitalitafuta."

Silijui!
Yaani nauza maandazi tangu saa kumi alfajiri
nimlipe mtu wa silijui?
Usiku huo nilitunga maneno ya kumwachisha,
ya adabu, yenye shukrani mwanzo na mwisho.

Kesho yake, wala haikuwa siku yake, kengele mlangoni.
Mkononi ana risiti ya mizani:
upande mmoja, kilo mia mbili na kumi na nne, daraja la tatu;
upande wa pili, duara.
"Hapa nilikosea, ona. Nikarudia, nikakosea na hapa."
Makosa yote mawili hakuyafuta.
Mwantumu akayafuata kwa kidole
kama anayesoma juzuu amma,
akafika mwisho, akarudi, akacheka.
Akasema, "Kumbe hata wewe!"

Nami mlangoni, mikono ina unga,
nikaona wekundu.

Tumekubaliana elfu tano kwa wiki,
wiki mbaya maandazi.
Novemba inakuja na sijui itamkuta na nini.
Jana nilipita pale nguzoni: mvua imelamba karatasi,
limebaki neno moja tu, LAZIMA, na gundi.

Usiku nasikia raba inafuta, inafuta.
Asubuhi nafagia machicha ya nazi na machicha ya raba,
yamechanganyika, siwezi kuyatenga,
nayakusanya taratibu kwenye kizoleo,
maana yeye bado amelala.