Kama Halipo, Laja

Lisemwalo lipo; kama halipo, laja.
Baina ya "halipo" na "laja"
pana nafasi ya kuweka kiti kimoja.
Hapo ndipo nikaapo, Wete,
juu ya duka la kanga la Mbarouk,
na simu tatu, kompyuta ya kuazima
na feni isiyogeuka shingo.

Simu moja ni ya wenye kuuliza.
Ya pili ni ya wenye kuapa.
Ya tatu, yenye kioo kilichopasuka,
ni ya Bikombo wa Bopwe peke yake, asiyejua kuandika kwa kirefu:
"Maji mazuri." "Hapana moto."
"Mtoto kapotea. Kapatikana."

Kwenye ramani kila neno hupata nukta.
Njano: limesikika.
Nyekundu: limesikika mahali pawili.
Kijani: mtu amekwenda, ametazama, amerudi na vumbi miguuni.
Programu inajua kuhesabu. Haijui kutembea.

Wazee walisema pafukapo moshi pana moto.
Hawakuiona simu, hii inayofuka pasi na kuni.

Usiku wa tatu kabla ya kura
nyekundu zilichipuka kama surua.
Sauti ya mwanamume, sekunde kumi na tisa:
kisima cha Bopwe kimetiwa sumu,
waliotia tunawajua, nyumba zao tunazijua,
atakayekaa ndani leo si mwanamume.
Mashine ikanambia: imefika makundi arubaini na moja.
Mashine ikanambia: ilianza saa nne na dakika sita.
Haikunambia nilichokisikia mwenyewe,
kile kikohozi kidogo kabla ya neno "sumu":
cha Shaame, mwana wa dada yangu,
aliyelala kwenye mkeka wangu mwaka mzima wa pumu yake.

Sikuita polisi kwanza. Niandikeni hivyo; ni kosa, na ni langu.
Nilimpigia Bikombo. Kisha nikampigia Mkubwa Ngwali
wa chama kile, ambaye hatujasalimiana
tangu harusi ya mwanawe.
"Una tochi?"
"Ninayo."
"Una kiu?"
Akanyamaza. Halafu akacheka,
kicheko cha mtu aliyekwisha kuvaa viatu.

Video ina giza, inatikisika.
Kamba inasikika kabla ya ndoo kuonekana.
Bikombo anakunywa kwa kata.
Mkubwa anapokea kata ile ile,
hapangusi ukingo,
anakunywa, maji yanamshuka kidevuni mpaka kwenye kanzu.
Anataja saa: saba na robo. Anataja jina lake na la babaake.
"Sisi hapa. Kama tumekufa, njooni asubuhi mtuzike."

Niliipeleka makundi arubaini na moja
nikakaa kutazama zile alama mbili za buluu:
kujua kwamba ameona,
kutojua ameamua nini.

Wiki ya pili alikuja mgeni, shati limepigwa pasi,
akaisifu ramani. Akauliza kama naweza kumwonesha
nyumba kwa nyumba, nani yu upande gani,
apate kuwalinda.
Nikamwonesha nukta. Majina sikuyaweka kamwe.
Ramani haimjui anayeisoma;
kidole kinachotafuta wa kuokoa
na kidole kinachotafuta wa kuchoma
hugusa kioo kwa uzito mmoja.

Shaame naye alikuja, baada ya Ijumaa mbili.
Hakusema kitu. Akanijazia mtungi,
ndoo baada ya ndoo, kutoka Bopwe,
akikohoa kila apandapo ngazi.
Nimemsamehe? Bado.
Lakini maji niliyanywa.

Fomu ya ofisi ina safu ya mwisho: Tukio.
Kwa usiku ule niliandika: Hakuna.
Ofisi imeirudisha fomu.
Wanaomba maelezo zaidi.